Hema Kuukuu Lisivuje: Kulikagua, Kulipaka na Kulitunza Kabla ya Masika

Hema la kambi likishazeeka na kuanza kuvuja, mwenyewe hukimbilia duka la vifaa vya ujenzi kutafuta kitu cha kupaka. Hapo ndipo pesa hupotea. Kila kitambaa kina dawa yake, na dawa ya kimoja haishiki kwenye kingine. Kulipaka hema kabla hujajua kiwandani lilipakwa nini, wala maji yanapenyea wapi, ni sawa na kupaka rangi bati lenye kutu bila kulikwangua: litang'aa wiki mbili, kisha rangi yote ibanduke.

Kazi yenyewe ina majira yake. Kwetu Nakuru, Januari na Februari ndiyo miezi bora, jua likiwa la kutegemewa na masika ya Machi hadi Mei hayajaingia. Walio Kakamega, Kisii na Kericho wanajua kwamba kwao mvua haingoji msimu. Hao waanze asubuhi umande ukishakauka, wawe wameanua kabla mawingu ya alasiri hayajajikusanya.

Kwanza, hakikisha ni mvujo wala si mvuke

Mahema mengi yanayoshtakiwa kuvuja hayavuji. Watu wawili au watatu wakilala ndani na kufunga kila zipu kwa kuogopa baridi, pumzi zao hugonga kitambaa kilichopoa na kugeuka matone. Usiku wa Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, unapoa vya kutosha kuleta jambo hilo, na ukipanda Mlima Elgon ukapiga kambi upande wa Chorlim ndipo utaliona vizuri zaidi. Alfajiri dari yote imelowa, mtu akiligusa hema anajinyeshea mwenyewe.

Mvuke hulowesha eneo kubwa kwa usawa, hata usiku ambao haikunyesha. Mvujo una mahali pake: mstari wa mshono, pembe ya sakafu, au doa moja ambalo hurudi palepale kila mvua. Mvuke hautibiwi kwa kupaka chochote. Fungua matundu ya hewa hata mvua ikinyesha, vuta kamba za pembeni ili kifuniko cha nje kisigusane na hema la ndani, na nguo mbichi usianike ndani.

Ukishaondoa shaka hiyo, lisimamishe hema uani na ulipime kwa maji. Unahitaji mpira wa maji au kopo la kumwagilia bustani, na mtu wa pili akae ndani na tochi na chaki ya fundi cherehani. Anza chini kwenda juu. Mwagia pembe za sakafu kwanza, ngoja dakika kama kumi, ndipo upande kwenye mishono ya ubavuni, halafu zipu, mwisho kilele. Ukianzia kileleni maji yatatiririka kila mahali na hamtajua yameingilia wapi. Aliye ndani azungushie chaki kila anapoona unyevu. Usiku ukiingia weka taa kali ndani na ulizunguke hema kwa nje. Vitundu vya miiba na vya cheche za moto vitajionyesha vyenyewe.

Jambo moja huwachanganya watu hapa. Kifuniko kipya hufukuza maji yakakaa juu yake kwa matone. Dawa hiyo ya juu huisha mapema kuliko kitu kingine chochote, na ikiisha kitambaa hulowa, hubadilika rangi na kulegea. Kulowa kwa nje si kuvuja. Kinachozuia maji hasa ni utando wa upande wa ndani, na huo unaweza kuwa bado mzima. Kama ndani ni pakavu, hema linahitaji kuoshwa na kupuliziwa dawa ya kufukuza maji tu, basi.

Pili, kijue kitambaa chako

Geuza kifuniko cha nje. Kama upande mmoja tu ndio unaong'aa, na mishono yake imefunikwa kwa utepe mwembamba unaopitisha mwanga, hilo ni poliesta au nailoni iliyopakwa poliyurethani. Mahema mengi ya supamaketi na ya mitumba ni ya namna hii. Kama kitambaa ni chepesi mno, kinateleza pande zote mbili na mishono haina utepe, yaelekea ni nailoni yenye silikoni. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha selotepu: kwenye poliyurethani kitashika, kwenye silikoni kitatoka bila nguvu. Na kama ni kitambaa kizito, kigumu, chenye harufu ya nta, hilo ni turubai la pamba, nalo lina taratibu zake nitakazozigusa mbele.

Sababu ya kusisitiza ni hii: kwenye silikoni hakuna kinachoshika ila silikoni. Gundi ya poliyurethani itabanduka. Na ukishapaka silikoni kwenye hema la poliyurethani umefunga mlango; kesho ukitaka kubandika kiraka cha gundi ya kawaida au utepe mpya, havitashika.

Kisha pima uhai wa kitambaa chenyewe. Sisi tunaishi kwenye Ikweta, inayopita pale Maseno, na jua letu huua nailoni na poliesta kabla ya mvua kuzigusa. Shika kitambaa karibu na kilele, mahali palipopigwa na jua zaidi, kwa vidole vya mikono miwili na ukivute kwa nguvu ya wastani. Kikichanika hapo, acha. Hakuna dawa ya kurudisha nyuzi zilizoungua, na pesa yoyote utakayoongeza ni hasara. Chukua fito, kamba, zipu na vigingi ukavitumie kwingine.

Tatu, osha

Lioshe likiwa limesimama, kwa maji baridi au vuguvugu, sponji laini na sabuni ya maji kidogo sana. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie: hubaki katikati ya nyuzi na kuvuta maji. Jik iweke mbali kabisa, na mashine ya kufulia pia. Suuza mpaka povu liishe, kisha suuza tena. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti viloweke kwanza kwa kitambaa chenye maji, usivikwangue.

Penye kuvu nyeusi, changanya sehemu moja ya siki nyeupe na sehemu nne za maji, paka, ngoja saa moja hivi, suuza. Kuvu itakufa, doa lenyewe huenda likabaki, na halidhuru. Anika kivulini penye upepo. Likauke hadi ndani ya mikunjo ya mishono, maana chochote utakachopaka juu ya unyevu hakitashika.

Utando ulioanza kunata

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Umelifungua hema lililokaa stoo miaka kadhaa, linanuka matapishi, vitambaa vimegandana, ukivitenganisha unasikia vikilia, na upande wa ndani unanata vidoleni au unatoka magamba meupe. Hiyo ni poliyurethani iliyovunjika. Unyevu ndio huivunja polepole, na joto huongeza kasi. Ndiyo sababu hema lililofungwa likiwa bichi na kuwekwa chini ya mabati mjini Kisumu huharibika mapema kuliko pacha wake aliyewekwa pakavu Nakuru. Ile nambari iliyo kwenye lebo, milimita 1,500 au 3,000, inaeleza kimo cha maji ambacho utando uliweza kukihimili ulipokuwa mpya. Ya leo huijui.

Poda ya watoto itaondoa kunata kwa safari moja. Zaidi ya hapo, utando uliokufa lazima utoke wote kabla ya kupaka mwingine. Loweka kifuniko kwenye karai la maji vuguvugu yenye sabuni ya maji, kiache saa kadhaa, kisha kitandaze mezani na usugue kwa brashi laini. Mabaki yanayokataa yapanguse kwa spiriti ya duka la dawa, kidogo kidogo, mlango na madirisha vikiwa wazi. Kazi hii inachosha mikono na inachukua siku nzima. Kwa kifuniko cha hema dogo inafaa. Kwa sakafu, kwa maoni yangu, haifai hata kidogo: sakafu hukanyagwa na kupigiwa magoti, na shinikizo la goti hupenyeza maji hata kwenye utando ambao mvua isingeuweza. Badala yake kata plastiki nzito ya geji 1000, ile mafundi huitandaza chini ya zege, itandike ndani ya hema na ukunje kingo zake ziinuke ukutani kiasi cha kiganja. Utalala pakavu kwa gharama ndogo.

Nne, mishono

Kama mtihani wako wa maji ulionyesha mistari, basi tatizo ni utepe wa mishono. Usibandike mpya juu ya wa zamani. Kila ulipoinuka uubandue pole pole kwa ukucha mpaka ufike penye kushika, kata hapo. Pangusa gundi iliyobaki kwa spiriti na uache ikauke.

Sasa tumia gundi ya mishono inayolingana na kitambaa. Kwa poliyurethani tafuta gundi ya poliyurethani inayobaki laini ikikauka, na uipake upande wa ndani, ule wenye utando. Kwa silikoni, nunua silikoni halisi ya tyubu, ya kuzibia vioo na masinki. Soma tyubu: iwe silikoni asilimia 100, isiwe ile ya akriliki inayopakwa rangi juu. Ilainishe kwa tapentaini ya kuchanganyia rangi, sehemu moja ya silikoni kwa mbili au tatu za tapentaini, koroga mpaka uwe uji usio na madonge, na upake kwa brashi ndogo upande wa nje. Kwa namna zote mbili, mshono uvutwe kidogo unapopakwa ili vitundu vya sindano vifunguke na kunywa. Mstari wa upana wa sentimita moja unatosha.

Thina usiitumie mahali pa tapentaini. Ni kali, inakula utando mzima uliobaki. Petroli ndiyo usiiguse. Yote haya yafanyike nje, mbali na jiko na sigara.

Tano, kupaka kifuniko kizima

Fanya hivi ikiwa tu utando umeisha au maji yanapenya katikati ya kitambaa pasipo mshono. Kama unaweza kupata dawa maalumu ya utando wa mahema, ipake upande wa ndani kulingana na maelezo yake, na hadithi imeishia hapo. Mikoani kwetu dawa hizo ni adimu, kwa hiyo watu hutumia mchanganyiko uleule wa silikoni na tapentaini, safari hii mwepesi: robo hadi thuluthi ya tyubu ya mililita 280 kwa lita moja ya tapentaini. Unapakwa upande wa nje, ambako nyuzi ziko wazi, wala si kwenye poliyurethani ya ndani. Kumbuka nilivyosema kuhusu mlango unaofungwa. Ni uamuzi wa mwisho wa maisha ya hema.

Jaribu kwanza kwenye mfuko wake au kipande cha pembeni. Koroga ndani ya chupa yenye mfuniko mpaka silikoni yote iyeyuke, inachukua muda. Simamisha hema, kifuniko kikiwa kimevutwa sawasawa. Paka kwa brashi pana tabaka jembamba, ukifuata nyuma na kitambaa kikavu kupangusa kinachozidi. Ukiacha madimbwi yatakauka yakawa mabaka yanayonata na kushika kila vumbi lipitalo, na vumbi la Nakuru halihitaji mwaliko. Upepo wa mchana ukianza kutimua, simama. Acha likauke usiku mzima chini ya paa, na siku mbili hivi zipite kabla hujalikunja. Hata hivyo nyunyiza poda kidogo mara ya kwanza unapolikunja.

Turubai la pamba halipakwi silikoni ya aina hii. Likiwa jipya au limeoshwa, lilowanishwe lote na kuachwa likauke, mara mbili au tatu, nyuzi zivimbe na kuziba vitundu. Baada ya hapo hupakwa nta. Wazee walikuwa na njia ya shabu: turubai linaloweshwa maji ya sabuni ya kipande, linaanikwa, kisha linaloweshwa maji ya shabu. Viwili hivyo hukutana ndani ya nyuzi na kuwa kitu kisichoyeyuka majini. Njia hiyo inafanya kazi, ingawa maji ya mvua nyingi huidhoofisha na itabidi urudie.

Viraka

Kitambaa kizuri cha kiraka hakiuzwi dukani, kiko kwa fundi wa miavuli. Mwombe mwavuli uliovunjika mbavu. Kata kiraka cha pembe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndizo huanza kubanduka, na kipite tundu kwa sentimita tatu kila upande. Kibandike kwa gundi ya aina ya kitambaa, kiweke chini ya kitabu kizito mpaka kesho. Gundi ya viatu inashika haraka lakini hukakamaa, na kitambaa hupasuka pembeni mwake.

Mpasuko mrefu upeleke kwa fundi cherehani na umweleze: uzi wa poliesta, sindano nyembamba, asipite mara nyingi. Kila kitundu cha sindano ni mlango wa maji, kwa hiyo akishamaliza uzibe mshono kama tulivyofanya juu.

Ukipiga kambi ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, kagua chini kabla ya kutandaza sakafu. Miiba ya migunga hupita kila kitu. Chakula usikiache ndani ya hema. Nyani hawafungui zipu, hupasua ukuta, na kwa ukuta mzima mwavuli hautoshi.

Zipu, fito na vigingi

Zipu haifi, huuawa na vumbi. Isugue kwa mswaki mkavu, ipanguse kwa kitambaa chenye maji, na ikikauka isugulie mshumaa kwenye meno yake. Mafuta ya kupikia au ya pikipiki yatakusanya vumbi zaidi. Kama meno yanaachia nyuma ya kichwa cha zipu, kichwa kimepanuka: kibane kidogo kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, ukijaribu kila mara. Kikikataa, fundi wa mabegi ana vichwa vya kila saizi, na kubadilisha kichwa ni rahisi kuliko kubadilisha zipu.

Fito za faibaglasi zikipasuka kwa urefu, vaa glavu, maana vibanzi vyake huingia ngozini na havionekani. Kipande kifupi cha bomba la alumini linaloingia kwa kubana, kikifungwa kwa tepe pande zote mbili, kitakurudisha nyumbani. Mpira wa ndani uliolegea utoe, upime, na uweke mwingine mfupi kidogo kuliko jumla ya vipande. Vigingi vile vyembamba vilivyokuja na hema havifai ardhi ya murram. Misumari ya inchi sita, au vyuma vilivyokunjwa na fundi wa jua kali, hushika hata upepo wa juu ya Menengai.

Kutandaza na kuhifadhi

Plastiki ya kutandika chini ya hema iwe ndogo kuliko sakafu. Ikichomoza hata kidogo hukinga maji yanayotiririka kutoka kwenye kifuniko na kuyapeleka chini yako. Usipige kambi chini ya mikaratusi, kivuli chake kinavutia lakini huangusha matawi bila onyo. Na ukifika kambini asubuhi, hema lisimamishwe jioni. Saa za jua unazoliepusha ni miaka unayoliongezea.

Ukirudi nyumbani likiwa bichi, lianikwe siku hiyohiyo, hata kama ni kwa kutundika sebuleni. Saa ishirini na nne kwenye mfuko zinatosha kuamsha kuvu. Likikauka usilirudishe kwenye mfuko wake wa kubana: lilegeze ndani ya gunia safi la kitambaa au foronya kubwa, ulitundike chumba kikavu, mbali na mabati na mbali na sakafu. Lisiwe na chembe ya chakula, kwa sababu ya panya. Kila miezi michache lifunguliwe na lipigwe hewa, na walio karibu na ziwa wafanye hivyo mara nyingi zaidi.

Ukinunua hema la mitumba, iwe soko la Kibuye mjini Kisumu au kwingineko, mwambie muuzaji alitandaze kabla ya kuzungumza bei. Linuse. Lishike upande wa ndani, livute kileleni, pitisha zipu zote mwanzo hadi mwisho, hesabu vipande vya fito. Utepe wa mishono uliobanduka ni sababu ya kupunguziwa. Utando unaonata kwenye kifuniko, rudisha na uende zako, isipokuwa unalichukua kwa bei ya fito.